Muulize Fundi: Udongo wa Devon, Udongo wa Ndoro

Toleo lililopita nilimjibu msomaji wa Masasi aliyetaka kuibomoa nyumba ya udongo ya marehemu baba yake, na katikati ya jibu nikapitisha neno kwamba hata Uingereza wapo wakulima wanaolala ndani ya kuta za udongo zilizosimama kabla Vasco da Gama hajapita pwani hii mwaka 1498. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua na ujumbe wa simu safari hii karibu zote zinahusu hilo: wengine wanauliza, wengine wanabisha, mmoja ananiambia nimeanza kuzeeka. Basi ukurasa wote nautoa huko. Wenye mabati yanayovuja watanivumilia, zamu yao ipo.

Shikamoo fundi. Binti yangu anafanya kazi ya kutunza wazee huko Devon, Uingereza, na amepanga chumba kwenye nyumba ya shamba. Kanitumia picha: ukuta mnene, paa la nyasi, madirisha madogo. Anasema mwenye nyumba kamwambia ukuta wote ni udongo mtupu. Mimi hapa nimejinyima pesa za ufuta misimu na misimu nijenge ya tofali, nitoke kwenye udongo. Nani kati yetu anadanganywa? (Mama wa Ndoro, Lindi)

Marahaba, mama. Hakudanganywa mtu. Devon iko kusini magharibi mwa Uingereza, na huko udongo ndio uliokuwa tofali la mkulima kwa mamia ya miaka. Wao hawasimamishi miti na fito kwanza kama sisi. Wanachimba udongo wa chini wenye mfinyanzi, wanauchanganya na maji na majani makavu ya ngano, unakanyagwa na watu au ng'ombe mpaka ushikane. Halafu unapandishwa ukutani kwa uma wa shambani, tabaka moja la kimo cha goti au zaidi kidogo, basi. Linaachwa wiki kadhaa likauke ndipo lije jingine juu yake. Ukuta unafika unene wa sentimita 60, mara nyingi hata zaidi, na nyumba nzima ingeweza kula mwaka kabla haijaona paa. Fundi husimama juu ya ukuta ule ule akiuchonga pembeni kwa sepetu ili unyooke. Itazame tena picha ya binti: ningeweka dau kwamba pembe za nyumba zimeviringwa, kwa sababu pembe kali ya udongo humeguka upesi.

Wazee wa Devon wana msemo wao kwamba nyumba ya udongo ipewe kofia nzuri na viatu vizuri, nayo itadumu. Kofia ni paa la nyasi nene lililotokeza nje, maji ya mvua yadondoke mbali na ukuta. Viatu ni msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi, ili unyevu wa chini na matone yanayoruka yasiufikie udongo. Na mvua ya kule si kama yetu, ya kuanza Desemba ikaisha Aprili au Mei. Kule inanyesha mwaka mzima.

Sasa nenda kaiangalie nyumba uliyohama, kama bado imesimama. Nimejenga na kubomoa nyumba nyingi za namna hiyo kuanzia Mtanda hadi Mchinga, kwa hiyo nakisia bila kuiona. Udongo umeanzia ardhini kabisa, hakuna jiwe hata moja chini yake. Bati limekatwa sawa na ukuta ili kuokoa bati. Masika moja tu, matone yanakula chini ya ukuta mpaka fito zinachungulia, na mchwa nao wanapata ngazi ya kupandia. Hapo mtu anasema udongo haufai. Udongo gani ungefaa, mama, ukiachwa bila kofia na bila viatu?

Tofali lako silibezi. Jasho lako halikwenda bure, na tofali halidai kukandikwa kila mvua ikiisha. Ninachokataa ni yale maneno kwamba udongo ni wa maskini. Hayes Barton, huko huko Devon, ni nyumba ya shamba ya karne ya 16, ukuta wa udongo na paa la nyasi, na ndiko alikozaliwa Walter Raleigh, yule bwana wa meli aliyekuwa kipenzi cha Malkia Elizabeth wa Kwanza. Ukoo wake haukuwa wa kuomba chumvi kwa jirani.

Binti akipata siku ya mapumziko, apande nyanda za juu za Dartmoor akaone zile nyumba ndefu. Hizo ni za mawe, na ndani yake watu na ng'ombe walikaa chini ya paa moja. Mlango ni mmoja. Ukiingia unakuta ujia unaoikata nyumba kutoka mbele hadi nyuma. Upande wa juu ya mteremko ni wa watu, upande wa chini ni zizi, na katikati ya zizi umechimbwa mfereji unaotoa mkojo nje kupitia tundu la ukutani. Nyumba imelazwa kufuata mteremko makusudi, uchafu ushuke na usiwapandie wenye nyumba. Nyingi zimegeuzwa, zizi limekuwa sebule ya kochi na runinga, lakini ipo inayoitwa Higher Uppacott ambayo zizi lake liko vile vile lilivyokuwa. Mtu wa pwani atasema, kulala na ng'ombe! Baridi ya Januari ya Dartmoor ingekufundisha kumpenda ng'ombe.

Mzee shikamoo. Nasoma useremala. Mwalimu katuonyesha picha ya nyumba ya shamba ya Kiingereza ya miaka 600, nguzo na mihimili yote ya mti, akasema haina msumari. Nilibishana naye darasa zima. Mbao zinashikaje bila msumari? Na mbona haikuliwa na mchwa? (Seremala mtarajiwa, Nachingwea)

Marahaba, mwanangu. Mwalimu kasema kweli, kamnunulie soda. Sijui aliwaonyesha ipi, maana zipo nyingi, kwa hiyo nitakueleza moja niliyoipapasa kwa mkono wangu nilipokwenda kumwona mwanangu mkubwa anayeishi kule. Inaitwa Bayleaf. Ilijengwa karibu na Chiddingstone, mkoa wa Kent, mwanzoni mwa karne ya 15, na upande mmoja ukaongezwa mwanzoni mwa karne ya 16. Mwishoni mwa miaka ya 1960 bonde lake lilikuwa linageuzwa kuwa bwawa la maji la Bough Beech. Basi nyumba ikafunguliwa gogo kwa gogo, ikapelekwa Singleton, Sussex Magharibi, na kusimamishwa upya kwenye makumbusho ya majengo ya kale ya Weald and Downland. Jiulize, nyumba ya misumari ya umri huo ungeifungua na kuifunga tena?

Inashikwa kwa ulimi na tundu. Mti mmoja unachongwa ulimi kichwani, mwingine unachimbwa tundu la kuupokea, kisha kigingi cha mti kinapita katikati ya vyote viwili. Wengi wanaeleza mpaka hapo tu, na utamu unaanzia hapo. Tundu la kigingi halitobolewi kwa mkupuo mmoja. Fundi anatoboa kwanza mti wenye tundu, anachomeka ulimi, anauwekea alama kupitia pale alipotoboa, anautoa. Halafu ulimi anautoboa milimita chache kando ya alama, upande wa bega lake. Ukirudisha ulimi ndani, matundu hayalingani. Unachukua kigingi kilichochongwa chembamba mbele, unakigonga. Kinalazimika kupinda kidogo ili kipite, na katika kupinda huko kinauvuta ulimi ndani mpaka bega linabana tii. Hakuna gundi, hakuna kibanio. Vichwa vya vigingi mara nyingi huachwa vikitokeza, hakuna aliyehangaika kuvikata.

Mti wenyewe ni mwaloni, na uliochongwa ukiwa mbichi, maana mwaloni ukishakauka unavunja moyo wa mwenye zana za mkono. Nyumba nzima ilichongwa kwanza uwanjani, ikalazwa chini, viungo vikajaribiwa, kila kiungo kikatiwa namba ya Kirumi kwa patasi. Kwa nini ya Kirumi? Kwa sababu I, V na X ni mistari mitupu, na patasi haijui kuandika 8. Kisha vikafunguliwa, vikapakiwa kwenye mkokoteni, vikasimamishwa kiwanjani kwa nguvu za majirani na kamba. Namba hizo bado zinaonekana kwenye nyumba nyingi, na wewe ukienda utazitafuta kabla ya kitu kingine chochote, nakujua. Mwaloni ulipokauka ukiwa tayari ni nyumba, ulipinda, na ndiyo maana zile nyumba zimekaa upande upande. Sehemu kubwa ya kupinda huko kulitokea wajenzi wenyewe wakiwa bado hai, haikuwa dalili ya kuanguka.

Kati ya nguzo na nguzo waliziba kwa fito za kusuka, wakakandika udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe na majani makavu. Bibi yako angeifanya kazi hiyo bila kuelekezwa. Na ile rangi ya mbao nyeusi na ukuta mweupe iliyojaa kwenye kalenda, kwa sehemu kubwa ni mtindo ulioshamiri karne ya 19. Wajenzi wa awali waliacha mwaloni upauke kijivu, au walipaka chokaa ukuta mzima, mti na udongo kwa pamoja.

Kuhusu mchwa, wale jamaa wamebahatika: hawana. Waliingia mara moja tu, kijijini Saunton, Devon, na serikali ikawaandama kwa zaidi ya miaka 20 hadi ilipotangaza mwaka 2021 kwamba wamekwisha. Hebu fikiria serikali ya kwetu ifukuze mchwa wa Nachingwea! Ila wanao mdudu wao, mbawakawa mdogo anayegonga kichwa ndani ya mbao usiku akimwita mwenzake, tik tik tik. Huyo anapenda mwaloni uliolowa. Paa likivuja naye anakaribia.

Usirudi kubishana na mwalimu. Tafuta kipande cha mninga au cha mtiki wa Rondo, unda stuli kwa mtindo huo wa matundu yaliyopishana, umwekee mezani akalie.

Fundi, habari za kazi. Korosho zimenipa kitu kidogo nikajenga nyumba ya tofali, paa la bati. Mke wangu anataka jiko liwe ndani, amechoka na banda la nje. Tunatumia kuni. Fundi wangu anasema tuache uwazi juu ya ukuta, moshi utajitokea. Hao Waingereza wa zamani hawakuwa na gesi, wao walifanyaje? (Mkulima, Newala)

Walifanya hivyo hivyo anavyotaka fundi wako, ndugu yangu, na walitoka machozi kwa mamia ya miaka.

Katikati ya Bayleaf kuna ukumbi usio na dari, unatazama juu hadi kwenye kenchi. Moto unawashwa sakafuni, sakafu yenyewe ya udongo, na moshi unapanda ukajitafutie njia kwenye vigae vya paa. Madirisha hayana kioo, ni nondo za mbao na vibao vya kufungia. Siku niliyokwenda walikuwa wamewasha. Ukiwa umeketi unavumilia, kwa sababu moshi unaning'inia juu. Simama wima, kichwa kinaingia ndani ya wingu. Nikaelewa kwa nini viti vyao vilikuwa vifupi. Bwana wa nyumba alikaa na meza yake mwisho wa ukumbi, mbali na mlango wa upepo. Upande wa pili ndiko viliko vyumba vya kuwekea mikate na vinywaji.

Moshi una kazi yake, hilo silikatai. Unakausha, unafukuza wadudu. Ndiyo sababu mahindi ya mbegu tunayatundika juu ya meko. Kule Devon kuna mapaa ambayo tabaka la chini kabisa la nyasi ni jeusi kwa masizi tangu enzi za moto wa sakafuni. Waezekaji wa kila kizazi waliongeza nyasi mpya juu bila kuyatoa ya chini. Wataalamu wa mazao wakaja kuchomoa humo masuke ya ngano ya zaidi ya miaka 500, aina ambazo hakuna anayezilima tena, wakayasoma kama vile yalivunwa juzi.

Mabadiliko yalikuja karne ya 16, dohani za tofali zilipoenea kwa wakulima. Kabla ya hapo wengine walitenga kipande chembamba cha nyumba kiwe njia ya moshi, wengine wakajenga dohani za fito na udongo, ambazo unaweza kukisia ziliishia wapi cheche zilipozipata. Dohani ya tofali ilipoingia, moshi ukafungwa njia, na ule ukumbi ulio wazi hadi juu ukapigwa sakafu ya mbao katikati. Ghafla nyumba ile ile ikapata vyumba vya kulala ghorofani. Ukiambiwa nyumba ya shamba ya Kiingereza ina boriti nene za dari sebuleni na meko kubwa ya kuingia mtu mzima, mara nyingi ni kazi ya kipindi hicho. Serikali haikuchelewa: kuanzia 1662 kila meko ikatozwa shilingi 2 kwa mwaka, na wakaguzi wakaingia majumbani kuhesabu, mpaka kodi hiyo ikafutwa mwaka 1689 kwa kuchukiwa.

Kwa hiyo jenga dohani. Tofali za kuchoma, ndani isiribwe ilainike masizi yasipate pa kushika, shingo iwe nyembamba kuliko mdomo wa meko, na kichwa chake kipande kupita mgongo wa paa. Hapo kwenye kichwa mafundi wengi wanabana tofali, halafu kusi ikivuma inagonga paa na kuusukuma moshi wote chini kwenye sufuria ya mkeo. Mbao za kenchi zikae mbali na dohani. Isafishwe kila mwaka korosho zikiisha. Ule uwazi juu ya ukuta waachie popo.

Shemeji yangu wa London anasema Waingereza waliwahi kulipia mwanga wa jua, ndiyo maana nyumba zao za shamba zina madirisha yaliyozibwa kwa tofali. Mimi nasema ni stori za kijiweni. (Mbishi wa Chikongola, Mtwara)

Umeshindwa, mlipe shemeji. Kodi ya madirisha ilianza 1696 ikafutwa 1851. Kadiri madirisha yalivyozidi ndivyo ulivyolipa. Watu wakaziba. Lakini shemeji naye asijigambe sana, maana si kila dirisha lililozibwa ni la kodi. Mengine yalijengwa yakiwa yamezibwa tangu siku ya kwanza, ili uso wa nyumba ulingane kulia na kushoto.

Kwenye nyumba za shamba jambo lilikuwa na kiini macho kizuri zaidi. Chumba cha maziwa na chumba cha jibini vilisamehewa kodi kwa masharti, na moja ya masharti ni kuandika juu ya mlango au dirisha kwamba hiki ni chumba cha maziwa. Maandishi hayo bado yapo kwenye baadhi ya nyumba. Wangapi kati yao walikuwa wanalala humo na mashuka yao, mimi simo.

Assalaam alaykum fundi. Tumebomoa nyumba ya babu hapa Kilwa Masoko. Chini ya kizingiti tumekuta chupa imezibwa kwa kitambaa, ndani mna karatasi yenye maandishi. Vibarua wamekimbia na sululu wameacha. Hao Waingereza unaowasifu, nao walizindika nyumba zao? (Mjukuu, Kilwa Masoko)

Waalaykum salaam. Walizindika haswa, tena kuliko sisi.

Bomoa meko ya nyumba kongwe ya shamba Uingereza, uangalie kwenye rafu ya ndani ya dohani: mara kwa mara kuna kiatu. Kimoja, si jozi, kimechakaa, mara nyingi cha mtoto. Vimepatikana vingi kiasi kwamba makumbusho ya Northampton, mji wa washona viatu, yanaweka daftari la viatu hivyo. Kwenye boriti ya juu ya meko utakuta maua ya petali sita yaliyochorwa kwa bikari, na alama za moto zilizochomwa makusudi kwa mshumaa. Wataalamu wengi wanaziona kama kinga. Ukichunguza, vitu hivi vimewekwa pale hewa inapoingilia: mlango, dirisha, dohani. Dohani ndiyo tundu pekee la nyumba lisilofungwa usiku.

Na chupa pia, mjukuu, chupa pia. Mwaka 2004 ilichimbuliwa moja Greenwich, London, ya karne ya 17, bado imezibwa. Walipoichunguza wakakuta misumari, pini za shaba, nywele, kucha, kipande cha ngozi kilichokatwa umbo la moyo na kuchomwa msumari, na mkojo. Ya babu yako ina karatasi tu. Babu alikuwa mstaarabu.

Kule anayekuta kitu cha namna hiyo hushauriwa akipige picha kilivyokaa kabla ya kukigusa, na ikiwezekana akiache pale pale. Nami nakushauri vivyo hivyo. Mwite shehe au mzee wa ukoo aisome hiyo karatasi, kisha mkijenga upya iwekeni chini ya kizingiti kipya kama wenyewe mnaona inafaa. Vibarua watarudi, hasa ukitangaza malipo ya jioni hiyo hiyo.

Fundi, sisi ni wajukuu wa nyumba moja ya mawe hapa Mikindani. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Chini plasta inabanduka, chumvi nyeupe inatoka. Fundi ametushauri tupige plasta nene ya simenti kuanzia chini hadi kifuani, tusahau kabisa. Simenti siku hizi inatengenezwa mkoani humu humu na bei si mbaya. Tuendelee? (Wajukuu, Mikindani)

Simamisheni kazi leo.

Ukuta wenu hauna kizuizi cha unyevu chini. Haukuhitaji. Maji ya ardhini yanapanda kidogo, chokaa inayanyonya, jua na upepo vinayatoa nje. Kwa mwendo huo ukuta umeishi. Mkiufunika kwa saruji, maji yanayopanda hayana pa kutokea, basi yanaendelea kupanda nyuma ya plasta mpaka yavuke kifua na kutokea juu ya pale mlipoishia. Chumvi inaganda ndani, inakula chokaa ya kati ya mawe. Nje kunang'aa, ndani kunakuwa mchanga mtupu. Siku plasta hiyo ikianguka itaondoka na uso wa mawe.

Hili Waingereza wamelisoma kwa hasara, ndiyo maana nyumba zao za shamba zinahusika na zenu. Saruji ya Portland ilipewa hataza mwaka 1824. Bayleaf ilikuwa tayari imepita miaka 400. Karne ya 20 watu wakaanza kuzifunika nyumba za udongo za Devon kwa saruji, kwa nia njema kabisa. Ufa mdogo unaingiza maji, maji hayatoki, udongo wa chini unarudi kuwa tope nyuma ya plasta ngumu inayoonekana nzima, na siku moja ukuta unakaa chini. Leo mafundi wao wanalipwa kuibandua saruji hiyo taratibu na kurudisha chokaa. Chama chao cha kulinda majengo ya kale, kilichoanzishwa 1877 na William Morris na wenzake, kinasisitiza jambo moja mpaka leo: rekebisha kilichoharibika, usiivishe nyumba ngozi mpya. Na sheria iko nyuma yao. Karibu kila jengo la kabla ya 1700 lililobaki na sura yake ya asili limeorodheshwa, na mwenye nyumba akibadilisha bila kibali ni kosa la jinai, hata kama ni nyumba yake na pesa ni zake.

Sisi nasi tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inayolinda majengo ya kabla ya 1863. Kama hamjui umri wa nyumba yenu, waulizeni watu wa mambo ya kale kabla hamjagusa, kwa sababu Mikindani zipo kuta zenye umri mkubwa kuliko lile Boma la Wajerumani la 1895 mnalopitia kila siku. Na mkitaka ushahidi wa chokaa wa karibu zaidi, msende Uingereza, nendeni Kilwa Kisiwani mkautazame Msikiti Mkuu. Una sehemu za karne ya 11, umekaa kwenye hewa ya chumvi muda wote huo, na uliposimama haukuwa na mfuko mmoja wa saruji.

Kazi yenyewe ni hii. Banduani plasta iliyolegea kwa mkono, si kwa nyundo nzito, na acheni inayoshika. Piganeni na maji kabla ya ukuta: ardhi ya nje iliyopanda kwa takataka za miaka ishusheni mpaka iwe chini ya sakafu ya ndani, mfereji wa paa uelekezwe mbali. Chumvi kavu ifagieni kwa brashi, msiioshe, mkiiosha inarudi ndani. Acheni ukuta upumue kiangazi. Kisha chukueni chokaa iliyozimwa na kulazwa majini wiki kadhaa, sehemu moja kwa sehemu tatu za mchanga wa mto uliochekechwa. Si mchanga wa ufukweni, mtajiongezea chumvi ile ile mnayoikimbia. Nywele za mbuzi zilizochambuliwa zichanganywe humo zizuie nyufa. Waingereza walitumia za ng'ombe na za farasi. Lowesheni ukuta, pigeni tabaka nyembamba lisilozidi sentimita moja, lifunikeni na magunia mabichi siku kadhaa kabla ya jingine. Jua la Mikindani likikausha chokaa kwa siku moja mtapata unga, si plasta, kwa hiyo anzeni kazi jua likishapoa. Anayezima chokaa avae miwani, watoto wakae mbali. Ikiingia machoni inachoma.

Chokaa nunueni ya mawe ya nchi kavu. Yeyote atakayewaletea ya matumbawe yaliyovunjwa baharini mrudisheni nayo, ni kosa na inawamalizia wavuvi samaki.

Fundi wenu wa saruji msimfukuze. Mpeni achimbe karo la choo, huko saruji yake ni halali kabisa.